Kitfo Haikuzaliwa Vitani

Ukiuliza Addis Ababa watu walianzaje kula nyama mbichi, hutakosa kusimuliwa kisa cha vita: askari waliojificha milimani waliogopa moshi usije ukawafichua kwa adui, wakazoea kula nyama bila kuipitisha motoni. Kisa ni kitamu, na pengine kinaifaa ile minofu mibichi inayokatwa vipande na kuchovywa kwenye pilipili. Walaji wa namna hiyo Mskoti James Bruce aliwakuta Uhabeshi mwanzoni mwa miaka ya 1770. Aliporejea na kusimulia, wengi Uingereza hawakumsadiki. Kitfo, hata hivyo, ni chakula kingine kabisa. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta wala mishipa hukatwakatwa kwa kisu mpaka ilainike, kisha huchanganywa na samli ya vuguvugu iliyotiwa viungo, pamoja na mitmita, yaani unga wa pilipili kali, iliki ya Kihabeshi na chumvi. Sasa, samli hiyo ilipatikanaje bila moto? Mtu anayekwepa moshi hakai jikoni akichemsha siagi taratibu na kuichuja.

Asili yake itafutwe nyumbani kwa Wagurage, kusini-magharibi mwa Addis Ababa. Huko zao kuu ni enseti, mmea unaofanana na mgomba lakini unaoliwa shina na tunguu badala ya tunda. Enseti huchukua miaka kadhaa kukomaa na hutaka samadi nyingi, kwa hiyo mkulima hana budi kufuga, na ng'ombe wake hulala naye chini ya paa moja. Alifugwa kwa ajili ya shamba, lakini maziwa yake yakaleta siagi, na siagi ikawa akiba ya wanawake, wanaoikusanya kwa miezi mingi kabla ya Meskel, sikukuu ya Msalaba ya mwisho wa Septemba. Siku hizo waliohamia mjini hurudi vijijini na ng'ombe huchinjwa. Kitfo huliwa kwa kocho, mkate wa enseti iliyochachushwa shimoni, na jibini laini iitwayo ayib. Karibu kila kilichomo sahanini kimetoka katika boma hilo hilo.

Mtu anaweza kupinga kwamba nyama mbichi huliwa Ethiopia karibu nzima, kwa hiyo Wagurage hawana hati miliki. Ni kweli kuhusu nyama mbichi. Lakini kocho haikufika mezani mwa watu wa mjini kwa bahati: Wagurage walihamia Addis Ababa kufanya biashara, wakafungua na migahawa, na kitfo ikawafuata. Pingamizi zito zaidi ni la afya. Nyama mbichi ya ng'ombe huweza kubeba tegu, na Wahabeshi walilijua hilo zamani, maana walikunywa dawa ya maua ya mti wa kosso ili kumtoa, mti ambao Bruce mwenyewe aliueleza kitabuni mwake mwaka 1790. Ukali wa mitmita haumuui tegu, wala vuguvugu la samli. Anayetaka kuitengeneza nyumbani bila hofu aipike mpaka iive kabisa. Hata Addis Ababa kitfo iliyoiva huagizwa, na hakuna anayemcheka mwagizaji.