Wakriki: Jina Lililotoka Kijitoni

Mhariri ameniomba niandike jambo la historia litakalowafaa wazee wa shule hii pamoja na wadogo zetu walioko madarasani. Nimechagua habari za Wakriki, wenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani, kwa sababu mtumishi wa serikali kama mimi, ambaye kazi yake ni majina na madaftari, ana mengi ya kujifunza kwao.

Kwetu pwani, neno la Kiingereza "creek" hutukumbusha mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kama ule wa Mtwapa. Kwa Wamarekani ni kijito cha maji baridi, na huko ndiko jina lilikotoka. Mwishoni mwa karne ya 17, wafanya biashara Waingereza kutoka Carolina walinunua ngozi za kulungu kwa watu waliokaa kando ya kijito cha Ochese, katika Georgia ya leo. Wakawaita watu wa kijito cha Ochese, kisha wakafupisha: Wakriki. Baadaye wakalieneza jina hilo kwa miji mingi hadi Alabama.

Wenyewe hawakujiita hivyo. Mtu alijitambulisha kwanza kwa mji wake, yaani "talwa", wenye baraza lake na moto wake mtakatifu. Wengi walisema Kimaskoki, lakini ndani ya umoja huo walikuwamo pia Wahitchiti, Wayuchi, Waalabama na hata Wanatchez waliokimbia vita na Wafaransa. Waliohamia Florida wakapata jina jingine, Waseminole, litokanalo na neno la Kihispania lenye maana ya mtoro.

Je, jina lina madhara gani? Tazameni mwaka 1814. Wakriki walikuwa wamegawanyika. Kundi la Fimbo Nyekundu lilipigana na Wamarekani, na wengine, hasa wa miji ya kusini, walikuwa upande wa Jenerali Andrew Jackson. Fimbo Nyekundu walishindwa huko Horseshoe Bend tarehe 27 Machi. Mwezi Agosti Jackson alidai ekari zipatazo milioni 23, na sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya wale wale waliomsaidia. Adui na rafiki waliandikwa kwa jina moja, wakalipa deni moja.

Mwaka 1825 chifu William McIntosh na wenzake wachache walitia sahihi mkataba wa kuuza ardhi kwa jina la Wakriki wote. Baraza lilikuwa limekwisha kuweka adhabu ya kifo kwa atakayefanya hivyo, naye akauawa. Mkataba ule ulifutwa mwaka uliofuata, lakini ardhi ya Georgia ikapotea hata hivyo. Mwaka 1836 maelfu walihamishwa kwa nguvu hadi nchi inayoitwa sasa Oklahoma, na wengi wakafa njiani.

Nisiwasifu kupita kiasi. Baadhi yao walimiliki watumwa Waafrika. Mkataba wa mwaka 1866 uliwapa walioachwa huru uraia kamili. Lakini makarani wa serikali ya Marekani walipoandikisha watu mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa karne ya 20, walifungua madaftari mawili: la wenye damu ya Kikriki na la walioachwa huru. Katiba ya taifa hilo ya mwaka 1979 ililitegemea daftari la kwanza tu, na wajukuu wa watumwa wakabaki nje. Ni Julai 2025 ndipo Mahakama Kuu ya taifa lenyewe ilipoamua kwamba mkataba wa 1866 bado unawapa haki yao.

Mwaka 2021 taifa la Oklahoma lilitangaza kuacha kulitumia neno "Creek" na kujiita Muscogee tu. Ndugu zao wa Poarch, waliobaki Alabama na kutambuliwa na serikali kuu mwaka 1984, wangali wanalitumia. Kila upande una haki ya kuchagua.

Wanafunzi, baadhi yenu mtakalia viti vya ofisi siku moja. Mtakapoandika jina la mtu au la kijiji, muulizeni kwanza mwenyewe anaitwaje. Mstari mmoja katika daftari huweza kumnyima mtu shamba lake, na mjukuu wake akahitaji miaka mia kuurekebisha.