Ndevu za Mahindi na Hesabu ya Ukame Karatu

Mavuno haba ya mahindi Karatu huelezwa kwa neno moja: mvua. Maelezo hayo ni kweli nusu. Mhindi huweza kupata mvua ya kutosha mwanzoni, ukarefuka, ukastawi majani, kisha ukatoa gunzi lenye punje za kuhesabika. Hoja yangu ni kwamba ukame wa katikati ya msimu hupiga zaidi sehemu ya kike ya mmea, nasi bado tunapima urefu wa mabua na milimita za mvua.

Mbelewele za kileleni ni maua dume. Maua jike yamejificha ndani ya maganda ya gunzi, na kila ovari ina ovyuli moja, yaani kijiyai kinachoweza kuwa punje, na uzi mmoja mrefu unaochomoza nje. Nyuzi hizo ndizo ndevu. Chavua ikinasa juu ya uzi, huota mrija unaoshuka hadi kwenye ovyuli, safari ya takriban saa 24. Uzi usiochavushwa hauzai punje. Nyuzi za kitakoni hutokeza kwanza, za nchani mwisho. Ili kurefuka, uzi unahitaji maji mengi. Udongo ukikauka ndevu huchelewa, ilhali mbelewele zinaendelea kumwaga chavua, na ndevu za mwisho zinapochungulia chavua imekwisha.

Jambo hili huonekana shambani. Siku chache baada ya uchavushaji, menya gunzi taratibu, ligeuze, ulitikise. Uzi ambao ovyuli yake imerutubishwa hudondoka. Uliobaki umeshikilia unaonyesha ovyuli tupu.

Ataibuka wa kusema kwamba viwavijeshi na udongo uliochoka vinaumiza zaidi. Huenda, kwa mashamba fulani. Lakini wadudu waliokata ndevu huacha mapengo ya ovyo ovyo, na punje zilizorutubishwa kisha zikafa kwa njaa husinyaa zikabaki mahali pake. Gunzi hujieleza, mradi lisomwe mapema. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, nchini Mexico kililiona tatizo hili la ndevu kuchelewa tangu miaka ya 1970, kikawa kinachagua mbegu za kustahimili ukame kwa kuangalia pia ufupi wa muda kati ya mbelewele na ndevu.

Juu kidogo, katika misitu ya Ngorongoro, suala la kuisahau sehemu ya kike lina sura nyingine. Mtarakwa kwa kawaida una mti dume na mti jike mbalimbali. Ovari hauna kabisa: ovyuli zimekaa wazi kwenye magamba ambayo baadaye huvimba yakafanana na tunda dogo la buluu iliyokolea. Anayehesabu mitarakwa bila kutenganisha majike hajajua ni mingapi inayoweza kutoa mbegu.

Kwa mahindi, basi, maafisa ugani wa Rhotia na Mbulumbulu waongeze safu mbili katika madaftari yao ya msimu: siku mbelewele zilipoanza kumwaga chavua, na siku ndevu zilipotokeza. Kazi hiyo haihitaji maabara.