Umeme: Mwanga wa Wingu Ulivyoingia Majumbani

Kabla Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, hajajenga Beit-al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo baadaye lilitangulia majumba mengine ya Unguja kutiwa taa za waya, neno umeme lilikuwa limekwisha kuzeeka vinywani mwa watu wa pwani, wala halikuwa na maana ila ile ya mwanga upasuao wingu ghafula, ukachezacheza, ukatoweka kabla jicho halijatulia juu yake.

Ukoo wa neno hili waelekea kuwa ule wa kumeta. Magamba ya samaki aliyetoka majini sasa hivi humeta, mkufu wa dhahabu humeremeta, nyota humetameta, na kimetameta, yule mdudu wa usiku, amepewa jina kwa tendo lake. Naona si bure kwamba maneno haya aghalabu hurudia silabi zake, maadam mwanga wenyewe hauji mara moja ukakaa, bali huja, huenda, hurejea.

Wazee walipambanua mambo ya mvua kwa uangalifu. Ngurumo ni ule mvumo wa mbali. Radi ni mshindo wa karibu utikisao nyumba. Umeme ni mwanga peke yake, na ndivyo Askofu Steere alivyoyapanga maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1870. Radi ni neno la Kiarabu, na msomaji wa Kurani atalikumbuka kwa jina la sura ya 13, lakini mwanga Waarabu huuita barki, na neno hilo, ingawa lilisikika madrasani kila siku, halikushika mahali pa umeme. Mswahili alikopa mshindo, mwanga akabaki nao wake.

Ilipokuja nguvu mpya ya waya, Mswahili alikuwa na njia nyingine ya kuipa jina. Wazungu waliiita kwa jina la kaharabu, ule utomvu wa kale ulioganda, ambao ukisuguliwa huvuta vitu vyepesi, kwa kumfuata tabibu Mwingereza William Gilbert, aliyeandika habari zake mwaka 1600. Waarabu nao wakasema kahraba, jina walilolipata kwa Waajemi, ambalo maana yake kwao ni kivuta-makapi. Kaharabu ilikuwa ikijulikana pwani, ikivaliwa shingoni, wala hakuna aliyeigeukia. Watu walitazama juu wakasema umeme, kama Wahindi wasemavyo bijli kwa mwanga wa wingu na kwa nguvu ya waya, na rai yao ilikuwa sahihi kwa elimu pia, kwani majaribio ya mwaka 1752, yaliyofuata shauri la Benjamin Franklin, yalikuwa yamekwisha kuthibitisha kwamba vitu hivi viwili ni kimoja.

Kenya wengi husema stima, neno lililotokana na mvuke wa mitambo na merikebu, nalo kwangu halina ladha ya umeme. Uganda, kampuni iliyogawa nguvu hiyo tangu 2005 hadi 2025 ilijiita Umeme.

Lakini neno likihamia nyumba mpya, ile ya zamani huingiwa na mgeni. Siku hizi magazeti yakieleza habari ya mtu au ng'ombe aliyeuawa na mwako wa wingu, husema amepigwa na radi. Na kijana wa mjini akisikia umeme umepiga, huuliza kwanza waya gani umekatika.