Herufi za Moyo

Mgonjwa apewapo karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo hukuta katika maelezo yake herufi P, Q, R, S na T. Kwa mazoea ya kusoma huzidhani kuwa vifupisho, akatafuta neno lililojificha nyuma ya kila moja. Na neno lisilojulikana huweza kumtisha mtu kuliko maradhi yenyewe. Neno hilo halipo.

Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha mjini London kwamba umeme wa moyo wa binadamu waweza kupimwa pasipo kupasua kifua. Chombo chake kilikuwa mrija mwembamba wenye zebaki, na zebaki ilikuwa nzito kuitika: pigo la moyo lilikwisha kupita, nayo ingali njiani. Willem Einthoven, mzaliwa wa Java na profesa wa Leiden huko Uholanzi, alianza kwa chombo cha namna hiyo hiyo. Mawimbi aliyoyaona aliyaita A, B, C na D. Kisha akaondoa uzito wa zebaki kwa hesabu, ukatokea mstari mwingine wenye ncha kali zaidi. Mstari huo ulitaka majina yasiyochanganyika na yale ya kwanza, na mwaka 1895 akaupa P, Q, R, S na T. Kwa nini aanzie P? Wako wanaotaja desturi ya wanahesabu tangu Descartes, nayo ni dhana tu, ingawa ni nzuri.

Mwaka 1901 alieleza chombo kipya: uzi mwembamba mno uliopakwa fedha, uliotandwa baina ya ncha za sumaku. Mgonjwa alitia mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi, na uzi ukachora mawimbi yale yale yaliyokwisha kupatikana kwa kalamu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1924.

Basi P ni alama ya umeme unaoenea katika vyumba vya juu vya moyo. Q, R na S ni ya vyumba vya chini. T ni ya vyumba hivyo vikirudi katika utulivu. Daktari aandikapo kuwa QT imerefuka, anataja muda tu, tangu Q ianze hata T iishe. Muda huo ukizidi mno una hatari yake, lakini hatari haimo katika herufi. Q haimo katika alfabeti ya Kiswahili, wala msomaji wa Kiswahili hakupunjwa kitu. Mholanzi naye hakuachiwa maana yoyote ndani yake.

Baadaye Einthoven aliona wimbi dogo likifuata T. Akaliita U.