Maji ya Kirinyaga na Taa za Kathamba

Kwa muda mrefu historia ya umeme nchini Kenya ilikuwa historia ya waya unaotoka mjini. Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka 1922, ilianzia Nairobi na Mombasa, na mkulima wa kawaida hakuwamo katika hesabu zake. Baada ya Uhuru, Kenya ilijenga mabwawa makubwa katika Mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kazi hiyo ilistahili sifa. Lakini sehemu ya maji yanayojaza mabwawa hayo hutoka Kirinyaga, katika miteremko ya Mlima Kenya, na kwa miaka mingi yalipita mbele ya milango ya watu waliokuwa wakiishi kwa mwanga wa koroboi, yakaenda kuwasha taa za mijini.

Mwaka 2001 wanavijiji wa Kathamba na Thima, katika Kirinyaga hiyohiyo, hawakungoja waya. Kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza na shirika la ITDG, na kwa fedha kutoka Ulaya, walikinga maji ya vijito vyao na kuyaingiza katika bomba la plastiki. Huko Kathamba maji yaliteremka mita 28 tu, yakazungusha gurudumu dogo lililofungwa kwenye mota ya kawaida ya umeme, ambayo iligeuzwa kuwa jenereta. Huko Thima ilitumika pampu ya maji iliyoendeshwa kinyume. Fundi yeyote wa karakana ya jeshi ataona mara moja kwamba hapakuwa na miujiza hapo. Jasho la kuchimba lilikuwa la wanavijiji wenyewe.

Kathamba ilipata kilowati 1.1 kwa nyumba 65, na Thima kilowati 2.2 kwa nyumba 110. Askari na apige hesabu mwenyewe: ni wati 17 kwa kila nyumba ya Kathamba, na wati 20 kwa kila nyumba ya Thima. Balbu moja ya kizamani ya wati 60 ni fungu la nyumba tatu na ushee. Pasi moja ya wati elfu moja ingemeza karibu umeme wote wa Kathamba.

Kwa hiyo kazi ngumu haikuwa mtambo bali mgawo. Nyumba ziliruhusiwa taa ndogo zisizokula umeme mwingi, pamoja na redio, basi. Tena jenereta ya namna ile ikielemewa hupoteza nguvu yote kwa mara moja. Mwenye kuchomeka pasi kwa siri hukaa gizani pamoja na kijiji kizima. Ni nidhamu ambayo kila aliyepata kuishi kambini kwa tangi moja la maji anaijua, ingawa huku Kathamba hapakuwa na mkuu wa zamu.

Huko Tungu-Kabiri, upande wa Meru, wanachama wapatao 200 walikwenda hatua zaidi. Walinunua hisa, wakatoa nguvu zao, wakajenga mtambo wa kilowati 18 kwa ajili ya shughuli za biashara. Wakulima wadogo wa chai wa Imenti nao, kwa kupitia kiwanda chao, walifikia kuuza umeme wa ziada wa maporomoko kwa shirika la umeme la taifa.

Sheria ilikuja nyuma ya vitendo, kama ilivyo kawaida yake. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilimpa mteja mwenye mtambo wake wa jua, maji au upepo, usiozidi megawati moja, nafasi ya kuingiza ziada yake katika waya wa taifa. Kanuni za utekelezaji zilifuata mwaka 2024. Ni hatua ya maana, na haikupatikana upesi. Ila mpango huo si ule wa Kathamba. Huku ziada huenda kwa shirika, na malipo yake ni punguzo katika hesabu ya mteja, wala si fedha mkononi. Jirani aliye ng'ambo ya ua, ambaye pengine ndiye wa kwanza kuutumia umeme huohuo, hulipa shirika bei kamili.