Kudandia Farasi: Sekunde 46 za Mwaka 1895

Sisi wa Tarime tunamjua punda. Hukutana naye barabarani siku ya mnada, amelemewa magunia. Jirani zetu wa Serengeti wanaye pia punda milia, na Kiswahili kilipomtafutia mnyama huyo jina hakikumwita farasi. Kwa wengi wetu farasi alikuwa neno kabla ya kuwa mnyama: tulimkuta vitabuni. Mbung'o wa mbuga zetu hueneza nagana, na nagana huua farasi.

Ndiyo maana mjukuu wangu, nilipomwonyesha simuni filamu iitwayo La Voltige, alicheka kwanza kisha akauliza, “Babu, mbona punda huyu ni mkubwa hivi?”

Filamu hiyo bubu ilipigwa na Louis Lumière huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1895. Haizidi sana sekunde 46. Kamera imetulia pahali pamoja. Mtu mmoja ameshika farasi, mwingine anataka kumpanda. Anaruka, anashindwa, anaanguka, anainuka, anajaribu tena. Basi. Tarehe 28 Desemba 1895 ilikuwamo katika filamu fupi 10 zilizoonyeshwa ukumbini chini ya Grand Café, Paris, kwa kiingilio cha faranga moja. Hesabu ya watazamaji waliolipa siku hiyo hutajwa kuwa 33, pungufu ya darasa langu dogo kuliko yote.

Nilitaka kulipa jina lake Kiswahili, na hapo ndipo mzozo ulipoanza. Voltige ni ustadi wa kuruka na kucheza juu ya mgongo wa farasi. Ulikuwa mchezo wa sarakasi, tena zoezi la askari wapanda farasi. Mwalimu mwenzangu mstaafu, mkazi wa Mugumu, akapendekeza “Sarakasi ya Farasi”. Nikakataa. Jina hilo linamsifu mtu kabla hatujamwona akigaagaa mavumbini. Mimi nikaleta “Kudandia Farasi”. Kitenzi kudandia kina haraka ndani yake, kina kutokualikwa, kina na hatari ya kuporomoka. Utotoni tulidandia malori. Hakuna aliyesema tunayapanda.

Mwenzangu akanijibu kwa ukali. Alisema neno langu ni la dharau, na kwamba asiyejua farasi hawezi kuanguka vile mara kadhaa akainuka mzima. Anayechekwa ni fundi anayeigiza ujinga! Nilikaa na hoja hiyo siku mbili. Ana haki. Kudandia kunasema yale macho yanayoyaona, sarakasi inasema yale yaliyofichwa, na kichekesho chote kimo katikati.

Huenda msomaji akaona tunabishania jambo dogo. Akumbuke kwamba filamu bubu zilipofika kwetu hazikuachwa bubu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment. Picha zao zilipigwa bila sauti, maelezo yakarekodiwa kando katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, kisha gari likazizungusha vijijini. Wakubwa wengi wa kikoloni walikuwa wakijadili Mwafrika anaweza kuelewa picha za namna gani. Sidhani walijiuliza vya kutosha kuhusu vitenzi. Picha ni ile ile: msimulizi akisema “akapanda”, mtu aliyeanguka ameonewa na mnyama, akisema “akadandia”, amejitakia mwenyewe. Mwenye santuri ndiye aliyeamua kijiji kimcheke nani.

Juzi mwenzangu ameniletea pendekezo jipya: “Kupandapanda Farasi”. Anasema kukariri shina kunabeba kule kujaribu tena na tena bila kufika, wala hakumtukani fundi. Nimelitamka mara nyingi nikiitazama filamu. Linakwenda vizuri na yale maanguko ya mwanzo. Bado sijamjibu.