Kuota Jua: Kalenda ya Mshairi katika Nyanda za Juu Kusini

Sehemu kubwa ya ushairi tuliourithi ilitungwa pwani, nasi pamoja na beti tumerithi kalenda. Kaskazi ni miezi ya joto, Desemba hadi Machi. Kipupwe ni baridi ya Juni hadi Agosti. Mtunzi wa Mbeya au Iringa akiichukua kalenda hiyo bila kuipima, atalisifu jua la kaskazi katikati ya masika yake. Huku mvua huanza yapata Novemba na kukoma Aprili au Mei. Anga safi huja na baridi.

Kwa hiyo nauthamini sana msemo wa kuota jua. Pwani mtu hukimbilia kivuli. Iringa mjini, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, asubuhi ya Julai watu huhama kivulini kulifuata jua. Kitenzi hicho hicho cha kuota kina ndoto ndani yake, na historia ya mkoa huu inaonyesha kwamba jua limewaotesha watu mengi.

Anayetoka Mbeya yenye mvua nyingi hukutana na Isimila takriban kilomita 20 kabla ya kufika Iringa. Nguzo zake za udongo na zana zake za Enzi ya Mawe humfanya mgeni adhani ameingia jangwani. Lakini nguzo zile zilichongwa na maji. Tukiita mahali hapo jangwa, tutakuwa tumeyafuta maji yaliyopachonga.

Kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Dodoma, iko Isimani. Ni nchi kavu, yenye jua jingi na mvua haba. Kwa jicho la haraka ni nyika tu. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 na 1950 watu walimiminika huko kulima mahindi. Vichaka vilifyekwa, matrekta yakaingia, wengine wakatajirika, wengine wakawa vibarua wao. Ardhi iliyovunwa bila kupumzishwa ikachoka. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilipofika, swali la nani mwenye shamba likawa la kufa na kupona. Tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Saidi Mwamwindi alimuua kwa risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu. Mwamwindi naye alihukumiwa kunyongwa.

Desemba ni mwezi wa kulima huko. Msomaji aliyezoea kaskazi za pwani atawaza joto na upepo wa majahazi, na maana yote itampita: watu wale waligombana mvua ikiwa imeanza, wakati ambapo ekari moja ina thamani kuliko mwezi wowote mwingine.

Lugha yetu haina upungufu. Kiangazi ni majira, nayo hupita. Ukame ni msiba wa mvua kutokuja. Nyika ni nchi ya vichaka, na jangwa ni jambo jingine kabisa. Mshairi anayeyachanganya maneno haya kwa ajili ya vina huifanya Isimani ionekane haikustahili kupendwa, ilhali watu waliipenda mpaka wakauana kwa ajili yake. Kabla ya kuliandika jua la Iringa, tuulize kwanza: ni la mwezi gani?